Tuliyemwachia Watoto

Asubuhi ya kwanza ya Silvère Niyongabo kazini, kabla hata kengele haijalia, alikuwa amekwisha kuwafungulia watu lango, kuwabebea mikoba, kuelekeza magari yanapogeuzia, na kulitengeneza bomba lililokuwa likivuja karibu na vyoo. Hakuajiriwa kwa kazi hata moja kati ya hizo. Aliajiriwa kufundisha chekechea. Lakini alikuwa mwanamume mrefu, amesimama mlangoni pa shule asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na kila mzazi aliyefika alimtupia jicho mara moja tu akajua, bila kuuliza, kwamba yule ni mlinzi. Na kama si mlinzi, ni dereva wa mtu. Na kama si dereva, basi ni fundi.

Nilikuwapo. Mwanangu Cyusa alikuwa anaanza shule siku hiyo, na tulikuwa tumefika mapema kwa pikipiki, yeye akiwa katikati yangu na dereva kama kifurushi. Niliona yote kwa macho yangu. Mama mmoja anayeitwa Scovia, mwenye duka la nguo na viatu vyenye visigino virefu ambavyo udongo mwekundu wa Masaka, pembezoni mwa Kigali, haukuvitendea haki, alimwita Silvère kwa kidole.

“Wewe! Bomba hii iko inamwaga maji tangu wiki ile. Hamuoni?”

“Ninaona sasa, Mama. Ngoja niangalie.”

Akakunja mikono ya shati, akaangalia, akakaza kitu, maji yakakoma. Scovia akamshukuru, kisha akatazama huku na huku akiwa amemshika binti yake mkono.

“Sasa Mwarimu wa wadogo iko wapi, nimuachie mtoto?”

“Mwarimu ni mimi, Mama. Niruhusu tu nifute mikono.”

“Yoo!” akasema Scovia, akacheka kwa moyo wote. Silvère naye akacheka. Lakini nilikuwa nimesimama karibu, na niliona kwamba vidole vya Scovia vilivyomshika yule mtoto vilikuwa vimebana zaidi ya vilivyokuwa vimebana mwanzo. Nina umri wa kutosha, na shahada ya kutosha, kuvijua vicheko vya namna hiyo. Huanza kwa mzaha mlangoni na huishia kwenye kikao.

Niseme kwanza Silvère ni nani, kwa sababu katika yote yaliyozungumzwa juu yake muhula ule, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Ngagara, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko wakiwa vijana. Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani ilihitaji mikono yote miwili, hivyo kila mtoto aliyezaliwa baada ya Silvère alifungwa mgongoni mwa Silvère. Alicheza mpira akiwa na mtoto mgongoni. Alifukuzwa darasani akiwa na mtoto mgongoni. Anasema mpaka leo akisimama mahali kwa muda mrefu, kiuno chake huanza kuyumbayumba chenyewe, kikimbembeleza mtu asiyekuwapo.

Familia iliporudi Rwanda baada ya vita, Silvère alimaliza sekondari akapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi kule Muhima. Aliuza misumari, rangi na mabati. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, na Silvère alimtumikia miaka mingi kwa uaminifu mkubwa na bila furaha yoyote. Furaha yake ilikuwa Jumapili. Parokiani kwake alikuwa amejitolea kukaa na watoto wadogo wakati wazazi wao wakiwa kwenye misa, na huko ndiko Sista Godelieve, mtawa aliyesimamia kikundi hicho, alipomkuta siku moja ameketi chini, miguu ameinyoosha, watoto wamempanga kokoto kuanzia magotini hadi kwenye vidole.

“Kaka,” akamwambia, “Mungu atatuuliza sisi sote tuliokuacha uuze misumari.”

Alikwenda chuo cha ualimu wa awali akiwa mtu mzima mwenye mke. Alikuwa mwanamume peke yake darasani. Mama yake mwenyewe alimcheka. Baba mkwe wake hakucheka. Aliuliza kama ni kweli kwamba mkwe wake anasomea kuimba. Aliyemtetea ni Ingrid, mkewe, anayefanya kazi ya uhasibu na anayependa kuwaambia watu, kwa uso mkavu kabisa, kwamba mumewe ndiye mtu pekee katika Kigali yote anayelipwa kwa kulaza watu mchana.

Huyo ndiye Silvère. Aliyemleta shuleni kwetu ni mwalimu mkuu, Trinah, mwanamke aliyelelewa Mbarara, anayetembea kana kwamba kuna mtu anamfukuza.

“Kila aliyekuja kuomba kazi nilimuuliza jambo moja,” Trinah aliniambia. “Mtoto akilia asubuhi nzima, utafanya nini? Wote wakasema: nitambembeleza, nitampa peremende, nitamwimbia. Silvère akaniuliza mimi: ‘Analia kwa nini?’ Nikamwambia, wewe njoo Jumatatu.”

Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Cyusa, ambaye nyumbani alikuwa hajui kumaliza uji bila vita, alianza kurudi akiniuliza kama nimenawa mikono. Watoto walimpenda Silvère kwa namna ambayo watoto humpenda mtu anayewasikiliza mpaka mwisho wa sentensi, hata sentensi ikichukua muda wa kuchemsha maharage. Darasani alikuwa na msaidizi wake, Daphrose, mama mtulivu ambaye wazazi, bila shaka yoyote, walikuwa wakimsalimia kwa “Mwarimu” na kumwachia Silvère viatu vya mvua avipange.

Kigali ina tabia moja ambayo sisi tuliorudi kutoka nchi za jirani tunaifahamu vizuri, kwa sababu tumeifanyiwa na tunaifanya. Tunapangana kwa mahali tulikolelewa. Wa Uganda wana haraka na wanakaripia watu kwa Kiingereza. Wa Burundi wanapenda starehe, bia baridi na mishikaki, na kabla ya jua kupanda usiwatafute. Wa Tanzania tunaongea mno. Mimi nimelelewa Mwanza, na inasemekana salamu zangu peke yake zinaweza kumchelewesha mtu kazini. Tunacheka. Kisha mtu wa Burundi anachelewa kidogo kwa sababu ya mvua, na tunatazamana kwa macho yanayosema: si unaona? Wa Uganda akichelewa kwa mvua ile ile, tunalaumu mvua.

Kwa hiyo Silvère alikuwa na mizigo miwili. Alikuwa mtu wa Bujumbura, na alikuwa mwanamume katikati ya viti vidogo.

Aliyelianzisha jambo lenyewe alikuwa Kalisa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ni ofisa serikalini, amelelewa Kampala, mtu mwadilifu anayelipa ada mapema na kufika kwenye kila kikao. Binti yake Ihirwe alikuwa darasa moja na Cyusa wangu. Sitaki msomaji amwone Kalisa kama mtu mbaya, kwa sababu angekuwa mtu mbaya kazi yangu ingekuwa rahisi. Alitukuta mimi na Trinah langoni jioni moja, akasema kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi:

“Madamu Trinah, huyu Mwarimu Silvère ni mtu wa maana sana. Ana kichwa. Ana nidhamu. Sasa kwa nini mnampoteza kule na vitoto?”

“Kumpoteza vipi, Mheshimiwa?”

“Darasa la tano haina mwalimu wa hesabu, si ndiyo? Mpandisheni. Wale vijana wanahitaji mwanamume wa kuwakaza.”

“Na chekechea?”

“Chekechea tafuteni mama. Mtoto mdogo anahitaji mkono wa mama. Mimi sina neno naye kabisa. Ni asili tu.”

Mimi sina neno naye kabisa! Laiti ningepewa mamlaka ya kupiga marufuku sentensi moja katika nchi hii, ningeanza na hiyo. Mtu anayemtukana mwenzake unaweza kumjibu. Utamjibuje anayemsifia mpaka amtoe kazini? Silvère hakukosa kitu. Walimwona amezidi, na kwa kuwa amezidi, hapaswi kuwa mahali ambapo, machoni pao, hukaa watu wasiozidi. Katika pumzi moja Kalisa alikuwa amemtukana Silvère, Daphrose, kila mama aliyewahi kufundisha chekechea, na watoto wenyewe, na wakati huo huo akawa anatabasamu kwa wema wa dhati.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa kirefu, maana nimelelewa Mwanza. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, “Mama Cyusa, wewe unapenda kusoma sana,” akaingia kwenye gari lake.

Wazo lilienea kama harufu ya mkate. Ndani ya wiki, wazazi waliokuwa hawajawahi kufikiri juu ya jambo hilo walikuwa na msimamo. Scovia alisema mkono wa mama ni mkono wa mama. Mwingine akasema mwanamume mzima kukaa sakafuni hakupendezi. Na Trinah alikuwa amebanwa kweli: la tano halikuwa na mwalimu wa hesabu, mtihani wa taifa haukuwa mbali kwa wale vijana, na kamati ilikuwa imemtaka alilete jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mara tu baada ya umuganda. Wengi wakisema Silvère ahamishwe, atahamishwa.

Nilimfuata Silvère nikamkuta anaosha vikombe vya uji.

“Utakubali la tano?”

“Hapana, Mama Cyusa. Wakiniondoa hapa narudi Muhima. Bosi wangu wa zamani ananiambia kila tukionana: kaunta yako iko inakungoja.”

“Utarudi kwenye misumari wakati unaweza kufundisha hesabu?”

Akakikung’uta kikombe maji, akakiweka kwenye jua.

“La tano wanajua tayari kufunga viatu,” akasema. “Mimi ninachokipenda ni ile mara ya kwanza. Mtoto anavuta kamba, inakaa, anaiangalia, haamini. Kisha anakuangalia wewe. Hiyo haipo la tano. Hata kwenye misumari haipo, lakini misumari angalau hainikumbushi.”

Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja bei. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani nimekasirika kwa ajili yake.

Sasa, umuganda. Kwa msomaji asiyeishi nasi: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, maduka hufungwa, barabara huwa tupu, na watu wazima wote hutoka na majembe kufanya kazi ya mtaa kwa pamoja, mkurugenzi kando ya mpishi wake. Baada ya kazi huwa kuna mkutano. Mwezi ule Mukamana, mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, alipanga kazi ifanyike shuleni kwenyewe, kwani mvua zilikuwa zimeanza kusukuma udongo kutoka mashamba madogo ya juu mpaka ukutani mwa madarasa. Tulitakiwa kuchimba mfereji nyuma ya shule. Wazazi wote walikuja, na kwa kuwa wasaidizi wa nyumbani nao ni watu wazima wenye wajibu wao, walikuja pia. Nyumbani hakukubaki mtu wa kushika watoto. Kwa hiyo watoto nao walikuja.

Ilikuwa vurugu. Wakubwa walikimbilia uwanjani na mpira wao, lakini wadogo waligundua toroli, na mmoja alikuwa amekwisha kuingia ndani ya mfereji kwa kichwa kabla hatujachimba robo yake. Mukamana, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika Kagugu, upande wa pili wa jiji, alipanda juu ya rundo la mawe.

“Nyinyi wazazi! Hawa watoto tutawachimbia humu ndani! Nani anabaki nao?”

Wala hakuwa amemaliza kufunga mdomo.

“Si Mwarimu Silvère yuko?” ilisema sauti ya kiume nyuma yangu. “Abaki nao. Wanamsikia.”

Niligeuka. Alikuwa Kalisa, amevaa mabuti mapya ya mpira, jembe begani.

“Eee, Mwarimu Silvère!” wakaitikia watu wote kwa pamoja, kama kanisani. “Abaki nao Silvère!”

Nikafungua mdomo. Kisha, kwa juhudi ambazo wanaonifahamu watazithamini, nikaufunga. Nilitaka kuona itaishia wapi.

Iliishia mbali kuliko nilivyotarajia. Watoto wa chekechea walimkimbilia wenyewe. Wakafuata wadogo zao ambao hata shule hawajaanza. Akina mama waliokuwa wamehubiri mkono wa mama walimiminika na chupa za maziwa na maelekezo. Na Scovia, aliyekuwa na mtoto wa miezi michache mgongoni, alifungua kitenge chake, akamgeuza Silvère kwa mabega kama anayempima nguo, akamwinamisha, akamweka mtoto mgongoni mwake na kumfunga vizuri kifuani kwa mafundo mawili.

“Akilia mtikise kidogo.”

“Ninajua, Mama.”

Na kweli, kiuno kilikuwa kimekwisha kuanza kuyumbayumba.

“Silvère!” akapiga kelele jirani mmoja kutoka mferejini, “umeponyoka jembe! Watu wa Bujumbura mnajua kukwepa kazi!”

“Njoo tubadilishane, kaka! Wewe chukua hawa, mimi nichukue jembe.”

Jirani aliwatazama watoto. Mmoja alikuwa anamvua mwenzake soksi kwa meno. Akainama akaanza kuchimba kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona kwake, na watu wakamcheka mpaka mwisho wa kazi.

Tulipomaliza, mfereji ulikuwa umenyooka na sisi tulikuwa na rangi ya udongo. Tukaketi kwenye mabenchi chini ya bati la ukumbi wa chakula. Kutoka darasa la chekechea, upande wa pili wa ua, zilisikika nyimbo, na vifijo, na kitu kilichoanguka, na nyimbo tena. Mukamana akamaliza mambo ya mudugudu, akampa Kalisa nafasi.

Kalisa ni msemaji mzuri. Alisimama na mabuti yake, akafuta jasho, akamsifu Silvère kwa maneno ambayo mtu angeyatamani yasomwe kwenye harusi yake. Kisha akafika alipokuwa anakwenda. Scovia akainua mkono na kuuliza swali ambalo, kwa haki, lilikuwa swali la maana: nani huwapeleka watoto chooni?

“Daphrose au Silvère, yeyote kati yao,” akajibu Trinah. “Mlango unabaki wazi, na mwingine anakuwa anaona. Kanuni hiyo ni ya kila mfanyakazi wa shule hii, mwanamke na mwanamume. Iliwekwa kabla Silvère hajafika.”

Scovia akaitikia kwa kichwa, akaketi. Jibu hilo lilimtosha, na lingetosha kumaliza mambo, lakini Kalisa alikuwa bado na hitimisho lake, na alilipenda.

“Ndugu zangu, mimi nauliza jambo moja tu. Je, mzazi mwenye akili zake timamu anaweza kweli kumwacha mtoto mdogo na mwanamume, asubuhi nzima?”

Nikasimama.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, Ihirwe yuko wapi sasa hivi?”

“Yuko salama.”

“Nafurahi. Salama wapi?”

“Yuko pale.” Akanyoosha kidole upande wa pili wa ua. “Na Mwarimu.”

“Mwarimu yupi?”

Kicheko kilianzia benchi la nyuma, kwa yule jirani wa jembe, kikaja mbele kama maji kwenye mfereji mpya. Kalisa alisimama kidole kikiwa bado kimenyooshwa.

“Ile iko tofauti,” akasema. “Ile ni umuganda.”

“Kwani umuganda unamgeuza Silvère kuwa mama?” akauliza jirani.

“Jamani!” Scovia alikuwa ameinuka nusu, anajipapasa mgongo kwa mikono yote miwili. “Hata mimi! Hata huyu wangu mchanga! Nimemfunga mwenyewe!”

Watu walicheka hadi Mukamana akapiga benchi kwa mpini wa jembe. Na hapo, kicheko kilipotulia, tukasikia kitu kilichotutisha sote kwa pamoja.

Kimya. Hakuna wimbo, hakuna kifijo, hakuna kitu kinachoanguka. Kila mzazi anajua kimya cha watoto wengi kinamaanisha nini. Mkutano wote ulisimama bila kuagizwa, ukavuka ua kwa hatua za haraka, Kalisa mbele.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye mikeka, watoto walikuwa wamelala, wengine chali, wengine wamekunjamana, wengine miguu juu ya tumbo la jirani, vikombe vya uji vitupu vimepangwa dirishani. Daphrose alikuwa anamfunika mmoja. Silvère alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, magoti karibu na masikio, mtoto wa Scovia amelala fofofo mgongoni mwake. Alituona. Akaweka kidole mdomoni. Kisha kidole hicho hicho kikashuka, taratibu, kikaonyesha mabuti ya Kalisa.

Ofisa wa serikali akainama mlangoni, akavua mabuti. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia dunia. Akanyatia kati ya mikeka mpaka alipolala binti yake. Ihirwe akafungua jicho moja.

“Papa,” akanong’ona, “hapa mtu analala au anatoka.”

Papa akatoka.

Aliketi kwenye ngazi ya baraza, mabuti mkononi. Sote tulikuwa tumejibana pale, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kumwamsha mtoto, mkutano wa wazazi uliendelea kwa kunong’ona.

“Ni mimi niliyesema abaki nao,” Kalisa akaninong’oneza. “Kabla ya mtu mwingine. Sikufikiri hata kidogo.”

“Najua,” nikamjibu. “Na uliposema aondoke hukufikiri pia. Tofauti ni kwamba asubuhi ulikuwa unamfikiria Ihirwe.”

Alilipokea hilo kama mtu anayemeza dawa ya malaria: uso ulikunjamana, lakini lilishuka.

“Haya,” akanong’ona Mukamana, na sikujua kwamba anaweza. “Wanaotaka Mwarimu Silvère aondoke chekechea, wainue mkono.”

Mikono yote ilibaki chini. Mkono wa Kalisa ulikuwa umeshika buti, na ulilishika kwa nguvu.

“Wanaotaka abaki?”

Mikono ikapanda, yenye udongo mpaka kwenye viwiko. Kupitia mlango nilimwona Silvère akiitazama ile mikono kwenye baraza. Hakuweza kushangilia wala kusimama. Alichofanya ni kufumba macho, akashusha pumzi ndefu, na kiuno kikaendelea kuyumba.

“Sasa la tano?” akanong’ona Scovia, ambaye ni mtu wa biashara na hupenda mambo yaishe. “Hesabu nani atafundisha?”

“Kuna aliyeomba,” akasema Trinah. “Anatoka Kagugu, ana shahada ya hesabu, barua zake za sifa ni nzuri sana. Anaitwa Xavérine.”

“Mwanamke?” Kalisa akageuka. “La tano? Hesabu? Wale vijana wata...”

Hakuna aliyemkatiza, alijikatiza mwenyewe, mdomo ukiwa bado umefunguka, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Nilikuwa na hotuba, nilikuwa nayo kwa mwezi mzima, na ilikuwa nzuri. Nikaona ndani kidole cha Silvère kikipanda tena mdomoni, na safari hii alikuwa ananiangalia mimi.

“Sijasema kitu, Mama Cyusa,” akanong’ona Kalisa.

“Nimekisikia vizuri sana hicho ambacho hujakisema.”

“Aje,” akamwambia Trinah haraka. “Huyo Xavérine. Aje Jumatatu.”

Akaanza kuvaa mabuti kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka mahali. Watoto walikuwa wameanza kuamka. Ihirwe akatokea mlangoni na alama ya mkeka shavuni, akamtazama baba yake kuanzia kichwani kwenda chini, akasimama miguuni.

“Papa, umevaa kushoto kulia.”

Kalisa akatazama. Ilikuwa kweli.

“Kaa hapa,” akasema Ihirwe, akimvuta kuelekea ndani. “Mwarimu anajua kufundisha pole pole.”